Unguja hadi Maskati: saa ngapi, na kwa saa ya nani?

ULIZA AMI WA KIWANJANI

Mwezi huu barua karibu zote zimeelekeza uso upande mmoja: Maskati. Sijui ni harusi, sijui ni Ramadhani, au ni wajukuu wamewaalika bibi zao wakaone baridi ya viyoyozi. Kwa aliyefungua ukurasa huu mara ya kwanza, mimi si rubani. Nilikaa miaka 31 kwenye chumba chenye dirisha moja pale kiwanja cha Kisauni, ambacho leo kinaitwa Abeid Amani Karume, nikiwapangia marubani safari. Rubani anaingia, nampa karatasi: njia ni hii, upepo ni huu, mafuta ni kiasi hiki, na Maskati kukichafuka vumbi ukatue pale. Yeye anaruka, mimi narudi kwenye chai yangu. Basi niulizeni masafa na saa. Bei ya tiketi muulizeni anayeiuza.

Ami, shikamoo. Tiketi yangu imeandikwa natoka Unguja 16:40, nafika Muscat 22:50. Kurudi natoka 11:00, nafika 15:20. Nikitoa, naona kwenda ni saa sita na dakika kumi, kurudi ni saa nne na dakika ishirini. Fundi mmoja wa simu kaniambia wakati wa kurudi ndege inateremka, ndiyo maana inawahi. Ni kweli?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

Marahaba mwanangu. Mwambie fundi arudi kwenye simu zake. Hakuna mlima wala mteremko. Kuna saa moja tu, unayowakopesha Waomani ukienda, wanakulipa ukirudi.

Saa za kwenye tiketi huandikwa kila moja kwa saa ya mji wake: ya kuondoka kwa saa ya unakotoka, ya kufika kwa saa ya unakofikia. Oman wako mbele yetu kwa saa moja, mwaka mzima, kwa sababu wao hawasogezi saa zao majira yakibadilika, na sisi pia hatusogezi. (Wenye ndugu London ndio wenye kazi: mara wako nyuma yetu saa tatu, mara saa mbili.) Sasa hiyo 16:40 ni saa kumi na dakika arobaini alasiri, ya Unguja. Hiyo 22:50 ni saa tano kasoro dakika kumi usiku, ya Maskati. Dakika hiyohiyo unapotua, saa ya ukutani kwenu Mwanakwerekwe inasema saa nne kasoro kumi. Toa sasa: saa tano na dakika kumi. Kurudi unafanya kinyume, unaongeza ile saa moja, unapata saa tano na dakika ishirini. Dakika kumi zilizobaki baina ya kwenda na kurudi ni za upepo, nimezijibu chini.

Ila usidhani saa tano zote hizo uko hewani. Saa za tiketi huhesabiwa tangu zile kabari za kwenye magurudumu zinapoondolewa mpaka zinapotiwa tena. Kabari kwa kabari. Ndani yake kuna kuisukuma ndege nyuma, kutambaa mpaka mwisho wa njia, kungojea kindege cha Pemba kitue kwanza, na kule Maskati kutambaa tena. Kiwanja chao ni kikubwa, ndege ikishatua unaweza kudhani rubani kaamua kukupeleka mjini kwa barabara. Boeing 737 ikishatulia juu inakwenda kama kilomita 830 kwa saa. Gawa kilomita 3,900 kwa 830, unapata saa nne na dakika arobaini na kitu. Tia dakika za kupanda na kushuka, ambapo mwendo ni mdogo. Tia kona za njia. Tia kutambaa. Ndiyo saa tano na robo zako hizo.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini litakukuta. Ukifika kule, jamaa zetu waliokwenda baada ya 1964, na wengi zaidi waliorudi Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970, wanazungumza Kiswahili kama chako. Watoto wao nao wanazungumza. Lakini muulize kwanza mtu anahesabu saa ya wapi. Mimi nilipokwenda kutembea, mtoto wa kaka yangu, aliyezaliwa kulekule, alinipigia simu usiku: "Ami, kesho nakuja kukuchukua saa nne." Asubuhi nikaoga, nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, kofia, uturi, saa tatu na nusu niko kwenye kiti karibu na mlango. Saa nne ikapita. Saa tano. Adhuhuri wenyeji wakaniletea wali nikakataa, nikasema nachukuliwa sasa hivi. Kijana alikuja saa kumi alasiri, kachangamka, anashangaa kanzu imejikunja. Kwake yeye saa kumi ya alasiri ni saa nne, kama mshale unavyoonyesha. Kiswahili chake safi, saa yake ya Kiarabu. Tangu siku hiyo nikiahidiana na mtu wa huko nauliza: jua litakuwa wapi?

Ami, mimi ni mtu mzima. Mwanangu kaniambia kwenda Maskati ni maili 2,100. Karani aliyetukatia tiketi kasema maili 2,400. Mjukuu kafungua simu yake, kasema 3,900. Nani anayenidanganya?
*Msomaji, Wete*

Shikamoo bibi. Hakuna muongo, ila hakuna aliyekutajia kipimo chake hadi mwisho.

Mjukuu kasoma kilomita: kiwanja hadi kiwanja ni kama 3,908. Karani kakupa maili za nchi kavu, ambazo kila moja ni kilomita moja na mita 609. Ukigawa unapata 2,430 hivi, yeye kakata mkia. Mwanao, nahisi kafanya kazi ya bahari au ya ndege, kakupa maili za baharini. Hizo ni kubwa zaidi, kila moja ni kilomita moja na mita 852, na hesabu inatoka 2,110. Sisi chumbani hatukutumia nyingine. Na si ukaidi. Maili ya baharini imekatwa kwenye mwili wa dunia yenyewe: chukua nyuzi moja ya latitudo, igawe mafungu sitini, kila fungu ni maili moja. Nahodha akijua kapanda nyuzi ngapi kwenda kaskazini, keshajua kasafiri maili ngapi, hahitaji kumuuliza mtu.

Nyumbani nina tufe la dunia ambalo rangi imechubuka pale Bahari ya Hindi kwa kidole changu. Mjukuu wako akiwa na tufe, mwambie achukue uzi wa cherehani, ashike ncha moja Unguja, avute mpaka Maskati na aukaze. Asitumie ramani ya ukutani, ile imelazwa na inapotosha. Uzi ukikaza ndiyo njia fupi kuliko zote. Unatoka Unguja, unaiacha Lamu upande wa kushoto, unaingia nchi kavu ya Somalia karibu na Barawa. Barawa, bibi, ndiyo ile ya Chimwini, mji ambao wazee wake walikuwa wakisema Kiswahili cha aina yao huko juu kabisa ya pwani. Hapo robo ya safari imekwisha. Uzi unapita bara ya Mogadishu. Nusu ya safari inaangukia karibu na Garowe, mahali ambapo abiria wengi wamelala na mdomo wazi. Unatoka nchi kavu mashariki kidogo ya Bosaso, unavuka Ghuba ya Aden, na unaingia Oman kwa upande wa Dhofar, Salalah ikiwa kuliani kwako. Baada ya hapo ni mchanga mpaka Maskati.

Ndege haifuati uzi neno kwa neno. Inafuata njia zenye vituo angani, kutoka nukta hadi nukta, na kila nchi unayopita juu yake ina watu wa kuzungumza nao kwa redio. Baada ya serikali ya Somalia kuvunjika 1991, kwa miaka mingi anga la nchi hiyo lilikuwa likiangaliwa kutoka Nairobi: rubani yuko juu ya Garowe, anayemjibu yuko Kenya. Siku hizi anajibiwa kutoka Mogadishu kwenyewe.

Kwa wanaotokea Dar es Salaam, ongezeni kidogo: kama kilomita 3,970. Kutokea Nairobi ni 3,600 tu. Wao wako juu zaidi ya ramani kuliko sisi.

Ami, salamu kutoka Sur. Marehemu babu yangu alikuwa nahodha, kila mwaka akenda Unguja na kurudi. Akituambia: kuja Unguja ni kaskazi, kurudi ni kusi, na asiyejua hayo asinunue chombo. Nataka kujua kama ndege nazo zinafuata kaskazi na kusi.
*Msomaji, Sur, Oman*

Barua hii nimeiweka mezani wiki nzima, kwa sababu mimi niliwaona hao. Nilikuwa mtoto, tukishuka bandarini Malindi kaskazi ilipokwishakamata, Disemba hadi Februari, vyombo vimebanana mpaka unaweza kuvuka kutoka kimoja hadi kingine bila kulowa mguu. Tende kwenye vikapu, mafungu ya papa mkavu ambaye harufu yake ilikutangulia mpaka Darajani, mazulia yamekunjwa. Mabaharia wakipika palepale juu ya chombo. Kusi ikianza, Aprili hivi, wanatweka kurudi na boriti za mikoko na karafuu. Aliyechelewa mpaka Juni alikuwa keshajitakia, maana kusi la katikati ya mwaka ukilikuta kule mbele ya Ras Hafun si upepo wa kufanyia mzaha. Safari wiki tatu, wiki nne, au zaidi, kwa kutegemea nahodha alipenda kutia nanga bandari ngapi. Babu yako angesikia saa tano na robo angeuliza: na mizigo umeipakua wapi?

Sasa jibu. Ndege hazifuati kaskazi na kusi, na sababu yake ilinishangaza mimi mwenyewe nilipoanza kazi. Upepo alioujua babu yako ni wa chini. Kusi ina nguvu kwenye kilomita moja, mbili, tatu za kwanza juu ya bahari. Ndege ikipanda imeshaupita kabla hujafungua mkanda, na huko inakotulia, kama mita 11,000, kuna pepo nyingine kabisa, hazina habari na zilizoko chini. Katikati ya mwaka, wakati kusi inavuma chini kuelekea kwenu, huko juu ya bahari ya Uarabuni upepo unatoka mashariki. Ndege inayokwenda Maskati inaupokea usoni kwa pembeni. Januari na Februari, wakati kaskazi inazuia chombo kisitoke Unguja, juu ya Bara Arabu kuna upepo mkali unaotoka magharibi, nao unaisukuma ndege kwenda kwenu.

Umeona? Mara nyingi imekuwa kinyume. Miezi ambayo babu yako asingethubutu kutweka kutoka Unguja ndiyo ambayo mimi nilikuwa nampunguzia rubani mafuta. Na miezi ya kusi, yeye akirudi kwao kama aliyebebwa mgongoni, mimi nikiongeza dakika kwenye karatasi.

Ila tusikuze. Kwake yeye upepo ulikuwa ndio safari. Kwa ndege inayokwenda kilomita 830 kwa saa, upepo wa njia hii ni dakika kumi, kumi na tano, huku au huko. Njia hii inapanda ramani kuliko inavyoikata kwa upana, na pepo kubwa za juu hukata kwa upana. Anayeruka kutoka Ulaya kwenda Marekani ndiye anayeujua upepo wa juu, yeye kwenda na kurudi hutofautiana hata saa nzima.

Ami, nina kesi na bibi yangu, tumekubaliana wewe ndiye kadhi. Tiketi yake ya kwenda kwa mama mdogo ilikuwa Ijumaa, 00:40. Mimi nikamwambia: bibi, unasafiri Ijumaa usiku, saa sita na dakika arobaini. Yeye akasema: basi Alhamisi baada ya magharibi nipelekeni kiwanjani. Nikamwambia la, Ijumaa usiku. Akasema nimesikia, usiku wa Ijumaa, ndiyo Alhamisi hiyo. Tulimcheka. Tukampeleka Ijumaa baada ya isha, na mabegi yake matatu. Tukaambiwa ndege imeondoka tangu jana yake usiku. Bibi hajasema nami tangu siku hiyo ila kwa kuagiza maji.
*Msomaji, Jang'ombe*

Kadhi amekaa. Hukumu: bibi yako ana haki, na wewe una deni la tiketi.

Sikiliza vizuri, maana kesi hii nimeiona pale kiwanjani mara zisizohesabika, na wanaoshindwa siku zote ni vijana waliosoma. Kwa hesabu ya wazee wetu siku haianzi saa sita ya usiku, wala haianzi alfajiri. Inaanza jua likizama. Magharibi ya Alhamisi ikiingia, Alhamisi imekwisha. Usiku ule ni usiku wa Ijumaa, na mchana unaoufuata ni mchana wa Ijumaa. Ndiyo maana usiku huo husomwa yanayosomwa usiku wa Ijumaa, hatungoji kesho yake. Ndiyo maana mwezi ukiandama tunasali tarawehe usiku huohuo na kufunga asubuhi yake, kwa sababu Ramadhani imeshaingia.

Tiketi nayo inahesabu siku kuanzia saa sita ya usiku, 00:00. Ijumaa 00:40 ni dakika arobaini tu tangu Ijumaa ya tiketi ianze. Usiku upi huo? Ni ule uliokuja baada ya Alhamisi mchana. Kwa bibi, usiku wa Ijumaa. Kwa tiketi, Ijumaa. Wawili hao wamekubaliana kabisa! Uliyekuwa peke yako ni wewe, uliyechukua mchana wa Ijumaa ukaufungia mkia wa usiku wake, kama wanavyosema siku hizi "Ijumaa usiku" wakimaanisha Ijumaa jioni na kuendelea.

Magazeti yetu yana neno zuri la kumaliza ugomvi huu, sijui kwa nini nyumbani hatulitumii: usiku wa Alhamisi *kuamkia* Ijumaa. Neno kuamkia halina pa kuponyokea. Kila tiketi yenye sifuri mbili mbele, au 01, au 02, chukua kalamu uandike pembeni kwa mkono wako: "kuamkia Ijumaa, tunatoka nyumbani Alhamisi saa tatu usiku." Usiandike siku ya safari, andika siku ya kutoka nyumbani. Ndege haikuachi kwa kukosa kujua inaruka lini. Inakuacha kwa kukosa kujua uvae viatu lini.

Na hizo sifuri pia usizisome ovyo. Nilimwona mtu mzima kasimama mbele ya kaunta saa saba ya mchana, na tiketi ya 01:00, anasema nimewahi. Kawahi kweli: kachelewa saa kumi na mbili. Kanuni ni nyepesi. Namba ya tiketi ikizidi sita, toa sita. Ikizidi kumi na mbili bado toa sita, na ukipata zaidi ya kumi na mbili toa kumi na mbili tena. Ikiwa sita au chini ya hapo, ongeza sita. Kwa hiyo 01:00 ni saa saba ya usiku, 13:00 ni saa saba ya mchana, 22:50 ni kumi na sita na dakika hamsini, toa kumi na mbili, saa nne na dakika hamsini, yaani saa tano kasoro kumi.

Nenda kwa bibi na kanga doti moja. Mbili ukiweza.

Kaka, nimepata tiketi rahisi ya Maskati kupitia Addis Ababa, lakini safari nzima ni saa 13. Ile ya moja kwa moja ni saa tano. Kwani Addis ni mbali kiasi hicho?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Addis haiko mbali, Addis iko njiani. Chukua Unguja kwa mfano: Unguja hadi Addis ni kama kilomita 1,690, Addis hadi Maskati kama 2,630. Jumla 4,320, imezidi uzi ulionyooka kwa kilomita mia nne na kidogo. Kwa ndege hiyo ni nusu saa. Saa saba nyingine zilizobaki ni za kukaa kwenye kiti cha chuma ukilinda begi. Unalipwa kwa kungoja, ndiyo maana tiketi ni rahisi. Ukiwa peke yako na una kitabu, ichukue. Ukiwa na mtoto mchanga au mzee wa magoti, lipa.

Watu wa Dubai nao: kutoka Unguja, Dubai na Maskati ziko sawasawa, tofauti yake haifiki kilomita kumi. Anayekwambia Maskati ni karibu zaidi anavutia kwao.

Babu, mwalimu kasema dunia inazunguka kuelekea mashariki. Mbona ndege isipande juu tu ikae, halafu Maskati ije yenyewe?
*Mwanafunzi wa darasa la saba, Chake Chake*

Mwanangu, kwanza dunia ikizunguka kuelekea mashariki, Maskati iliyo mashariki na kaskazini yetu ingekukimbia, na kinachokujia chini yako kingekuwa cha magharibi: ungengoja Maskati ukaletewa Bara, kisha Kongo. Pili, dunia inapozunguka haiiachi hewa nyuma, inakwenda nayo, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kwetu karibu na ikweta ardhi inakimbia kama kilomita 1,670 kwa saa, mara mbili ya ndege. Kama hewa ingebaki nyuma, ungetoka nje ya mlango ukakuta kimbunga kisichokwisha. Ruka juu ndani ya daladala inayotembea uone unaangukia wapi. Umwambie konda ni mimi niliyekutuma.

Ami, safari yangu ni katikati ya Machi, ndani ya Ramadhani, na mimi sipendi kula funga kwa ajili ya ndege. Naondoka Unguja 16:40. Nifuturu saa ngapi? Kwa saa ya Unguja, ya Maskati, au anapotangaza rubani?
*Msomaji, Kiembesamaki*

Ruhusa ya msafiri na hukumu zake muulize shekhe wako, mimi nakupa hesabu ya jua tu.

Weka saa zote mbili pembeni. Unakwenda kaskazini-mashariki, yaani unalifuata giza linakotokea, kwa hiyo jua litakuzamia mapema kuliko waliobaki nyumbani. Lakini pia uko juu, na aliye mita 11,000 angani analiona jua dakika kama kumi na mbili zaidi ya aliye chini yake. Hayo mawili yanavutana. Ndege ikiondoka kwa wakati, katikati ya Machi, nakukadiria jua litazama machoni pako kama saa kumi na mbili na dakika ishirini na kidogo kwa saa ya Unguja, dakika kumi hivi kabla ya adhana ya kwenu Kiembesamaki. Utakuwa baina ya Barawa na Mogadishu. Walioko chini yako wakati huo watakuwa wameshafuturu, nawe bado unaliona jua. Usiwafuate wao. Ngoja lako lizame.

Ukiweza kuchagua kiti, chukua dirisha la kushoto, nyuma ya bawa, kwa sababu magharibi itakuwa kushoto kwako na nyuma kidogo. Wa upande wa kulia hawaoni kitu ila mbingu inayogeuka buluu. Na tende zako tatu zitie mfukoni, usiziweke kwenye begi la juu, maana pale juu ya Somalia taa ya mkanda ikiwaka hutaruhusiwa kusimama kuzitafuta.